Machalari, kisusio na haki ya udugu



Kila Desemba inapokaribia, na jamaa zetu walioko Dar es Salaam na Arusha wanapoanza safari za kurudi nyumbani, swali moja huifikia kamati ya msikiti wetu hapa Kahe: je, inafaa kwenda kula kwa baba mkubwa ambaye ni Mkristo? Swali hili lina uzito. Katika mkoa wa Kilimanjaro ukoo mmoja aghalabu huwa na Waislamu na Wakristo, nao hukutana kwenye sufuria moja, yaani sufuria ya machalari.

Machalari ni ndizi na nyama. Ndizi mbichi humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usigande, zikatumbukizwa majini zisije zikawa nyeusi. Nyama hutangulia kuchemshwa mpaka ilainike na kutoa supu, kisha huungwa kwa vitunguu na nyanya, na ndizi hufuata zikaachwa zitokote taratibu mpaka mchuzi uwe mzito. Mwenzake ni mtori, ambao ndizi zake, hasa mshare, hupondwa ndani ya supu. Hicho ndicho chakula cha mzazi aliyejifungua. Kiburu nacho ni ndizi na maharage. Katika vyote hivi hakuna kiungo kilichoharamishwa.

Basi tatizo haliko kwenye ndizi. Liko katika yale yanayoizunguka sufuria: nani amechinja, chombo kimepikiwa nini kabla, na nini kinaandaliwa pembeni.

Kisusio, supu inayotiwa damu ya mnyama aliyechinjwa, hakina mjadala. Allah (s.w.t.) ameharamisha damu katika Suratul Maida, aya ya 3, na Suratul An'aam, aya ya 145, imebainisha kuwa ni damu inayomwagika. Ile kidogo inayobaki ndani ya nyama baada ya kuchinja kisheria imesamehewa. Mbege nayo, ingawa imetokana na ndizi na ulezi, hukumu yake ni ya kila kileo.

Kuhusu nyama, aya ya 5 ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, na wanazuoni wamefafanua masharti yake. Nchini kwetu, hata hivyo, desturi ya miaka mingi ni kumpa Muislamu kisu ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Tuipokee kama hisani, tusiigeuze kuwa silaha. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa kuchinja ulifikia kuondoa uhai wa mtu. Hakuna kitoweo chenye thamani hiyo.

Wapo vijana wetu waliochagua njia fupi: hawaendi kabisa. Wamelinda tumbo, wamekata udugu. Ilhali Suratu Luqman, aya ya 15, inatuamuru kukaa kwa wema hata na wazazi wanaotushurutisha kumshirikisha Allah, pasipo kuwatii katika hilo. Sembuse baba mkubwa ambaye hakutushurutisha lolote, ametualika tu kula!

Tunashauri hivi. Kwanza, mwenyeji apigiwe simu mapema, siku kadhaa kabla ya mbuzi kufungwa, aombwe Muislamu wa ukoo achinje. Mwenye uwezo na apeleke mbuzi wake.

Pili, iwepo sufuria ya peke yake na mwiko wake. Sahaba Abu Tha'laba (r.a.) alipouliza kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kutumia vingine vikipatikana, na visipopatikana, avioshe kisha avitumie. Dini haikumwambia asiende.

Tatu, kisusio kikiletwa, tukatae kwa adabu, bila kukunja uso wala kutoa hotuba. "Asante shangazi, mimi nitakula machalari" ni maneno ya kutosha. Mbege ikianza kuzungushwa, tuage kwa heshima.

Nne, na hili ndilo tunalolisahau zaidi, zamu yetu ifike. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba anapopika mchuzi aongeze maji, awaangalie majirani zake. Hakubagua jirani wa dini gani. Machalari ni chakula cha mchuzi, na vikombe viwili vya maji na mkungu mdogo wa ndizi hulisha nyumba nyingine nzima. Futari ya Ramadhani na sinia la Idi vivuke uzio, viende kwa wale wale waliotutengea sufuria safi mwezi Desemba.

Allah atujaalie matumbo yenye halali na nyoyo zenye kuunga udugu. Wabillahi tawfiq.