Fidia Ikichelewa

Wazee walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Neno hilo hutujia kila tunapopita Majengo, mjini Goma, na kuyatazama mawe meusi yaliyojenga misingi na nyua. Mawe yale yalikuwa moto zamani. Leo twataka kusema juu ya watu wanaokaa mahali pa hatari, wakaambiwa wangoje kupewa makao mengine, nao wakangoja mpaka watoto wakakua.

Sisi wa Goma twaishi chini ya Nyiragongo. Mlima huo ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, ukapasuka tena tarehe 17 Januari 2002. Mara ile ya pili lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikaunguza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Lava ilipopoa watu walirudi, wakavunja mawe kwa nyundo, wakajenga juu yake. Wako waliowaita wajinga. Lakini twaulizane: wangekwenda wapi? Kiwanja kile ndicho mali yao yote, nacho kilikuwa karibu na soko, na shule, na kazi. Hakuna aliyewaonyesha kingine.

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Lava ilifika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba kwa maelfu ziliteketea. Tarehe 27 Mei mkuu wa jimbo aliamuru mitaa 10 katika 18 ya mji ihamwe, na Majengo ilikuwa mmojawapo. Watu walikwenda Sake kwa miguu, wengine Rutshuru, wengine Rwanda, wengine Bukavu kwa mashua. Mwezi wa Juni tukaitwa kurudi. Sisi wa Majengo tulikuta milango yetu imesimama. Jirani zetu wa Buhene walikuta mwamba mweusi, hata mpaka wa kiwanja haukuonekana.

Wengi wao wakawekwa katika vibanda, wakaahidiwa mahali pa kukaa. Ulipotimia mwaka mmoja, Mei 2022, bado walikuwamo vibandani. Kisha vita vikaleta wakimbizi wengine kwa wingi mpaka Kanyaruchinya, na mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 wakaingia Goma. Hivyo msiba mpya uliufunika msiba wa zamani, na mwenye kungojea ahadi hakujua tena amwulize nani.

Yafaa tufahamu jinsi kungoja kunavyomla mtu. Hajengi, kwa sababu ameambiwa atahama. Hahami, kwa sababu hajapewa. Bati likitoboka haliezeki jipya. Mtoto afikapo umri wa shule, baba hajui amwandikishe hapa au kule. Akitaka kuuza, hakuna mnunuzi, ila yule mjanja anayetaka kununua kwa bei ya kutupa. Na mpangaji, ambaye hakuwa na kiwanja, aghalabu haandikwi katika orodha yo yote, ingawa vyombo vyake viliungua pamoja na vya mwenye nyumba.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, yasema kwamba mtu asinyang'anywe mali yake ila kwa faida ya wote, naye apewe kwanza fidia ya haki. Tulishike neno hilo: kwanza. Ni kweli kwamba kifungu hicho chahusu mali inayotwaliwa na wenye mamlaka, na mlima hauwezi kushtakiwa. Lakini mtu akikatazwa kurudi kiwanjani mwake kwa usalama wake, haki yataka aonyeshwe mahali pengine kabla njaa haijamrudisha.

Jambo hili si letu peke yetu. Mjini Dar es Salaam wako watu wa bonde la Msimbazi, ambao adui yao ni maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 mjini humo, na jamaa za mabondeni zikapewa viwanja Mabwepande. Wako waliorudi bondeni, kwa kuwa Mabwepande ilikuwa mbali na kazi zao. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 200 wa kutengeneza bonde hilo, na nyumba zikaanza kuthaminiwa ili wenyewe walipwe na kuhama. Manung'uniko yakaja hapo: nyumba zilipewa bei, ila ardhi haikupewa, maana bonde lilihesabiwa kuwa mahali pa hatari pasipofaa makao. Baadaye Serikali ikakubali kuongeza malipo kwa ajili ya ardhi. Basi twaona kwamba fedha peke yake haitoshi. Mahali pa kwenda pasipokuwa na kazi wala shule, mtu atairudia hatari aliyoizoea.

Kwa hiyo twawaomba wenye mamlaka, wawao wote, wawaambie watu mambo matatu: siku, kiasi, na mahali. Kama siku imebadilika, waseme imebadilika. Maskini huvumilia habari mbaya kuliko kimya.

Nanyi, ndugu zetu, hifadhini karatasi za viwanja vyenu, na nakala yake iwekwe kwa jamaa anayekaa mbali. Asiye na karatasi aende na majirani wawili watatu waandike ushuhuda wao wangali hai. Msiuze kwa hofu. Na fidia ikija, baba na mama waihesabu pamoja mezani, maana ni nyumba ya watoto iliyogeuzwa fedha, na fedha hupita vidoleni upesi kuliko lava.

Sisi ambao milango yetu ilisimama mwaka 2021 tusijione wateule. Lava ilisimama karibu nasi tu. Aliye kibandani leo ni jirani, na kumkumbuka kwa jina lake, na kumsindikiza ofisini anapoulizia haki yake, ni kazi isiyongoja Serikali.