Moyo Unaposimama Nyumbani



Juma hili twazungumza juu ya maradhi yaingiayo nyumbani bila kupiga hodi. Mtu amekula chakula chake cha usiku, ameketi na watu wake, mara aanguka. Majirani wakusanyika: huyu asema ni gesi, huyu asema ni shetani, yule atafuta gari. Dakika kumi zapita wala hapana aliyekigusa kifua chake. Kesho yake twamzika na kusema siku yake ilifika. Kweli ilifika, lakini sisi tuliokuwapo tulitimiza wajibu wetu?

Kwanza tutenganishe mambo mawili yachanganywayo. Mshtuko wa moyo ni kuziba kwa mshipa unaoupelekea moyo damu. Mgonjwa huwa yu macho: kifua chambana, maumivu yaenda begani, mkononi au tayani, na jasho baridi lamtoka. Wanawake, wazee na wenye kisukari huenda wasipate maumivu makali, ila wakatweta, wakachoka ghafla au wakahisi kichefuchefu. Moyo kusimama ni jambo jingine: moyo hausukumi damu tena, mtu huzimia papo hapo na pumzi hukatika. La kwanza laweza kuzaa la pili, tena upesi.

Hilo ndilo lililomshughulisha Frank Pantridge, daktari wa moyo katika hospitali ya Royal Victoria mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini. Alitambua kwamba wengi waliokufa kwa mshtuko wa moyo walikufa katika saa za mwanzo, kabla ya kufikishwa hospitalini. Difibrileta, mashine ya kuushtua moyo kwa umeme, ilikuwa wodini, na wenye kuihitaji walikuwa majumbani. Basi mwaka 1966 yeye na wenzake waliitia mashine hiyo ndani ya ambulensi, ikiendeshwa kwa betri za gari, uzito wake takriban kilo 70, wakaanza kumfuata mgonjwa alipo.

Waliotoka na gari lile la Belfast walikuwa madaktari na wauguzi. Mwaka 1967, mjini Pittsburgh, Marekani, Dkt. Peter Safar alishirikiana na jumuiya iitwayo Freedom House kuwafunza wakaazi Weusi wa mtaa wa Hill, wengi wao wasio na kazi, wawe wahudumu wa dharura. Kabla yao, mgonjwa wa mtaa ule alikuwa akibebwa na gari la polisi. Ikadhihirika kwamba asiye daktari aweza kuibeba kazi hii, akipewa mafunzo ya kweli na kuyashika kwa nidhamu.

Na kazi yenyewe ni ya kusoma. Mhudumu hubandika vibandiko kifuani, na kioo cha mashine kikaonyesha mstari upandao na kushuka. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kila pigo lina umbo lake: kilima kidogo, vyumba vya juu vinapoamshwa, kisha ncha kali, vile vikubwa vya chini vinapoamshwa, kisha kilima cha mapumziko. Kama mwanafunzi wa chuoni azijuavyo herufi kabla ya kusoma neno, ndivyo mhudumu alijuavyo pigo zima kabla ya kulitambua lililoharibika.

Kwa aliyezimia, huenda akaona mistari ya ovyo isiyo na umbo: vyumba vya chini vyatetemeka badala ya kusukuma damu. Au ataona mapigo mapana yaendayo mbio, na akigusa shingo mshipa haupigi. Hali hizi mbili dawa yake ni umeme. Umeme huo huuzima mtetemeko wote kwa mara moja, ili moyo upate kuushika tena mwendo wake wa asili.

Lakini akiona mstari ulionyooka, au mapigo yenye sura njema ilhali mshipa haupigi, umeme hausaidii kitu. Yale ya filamu, ambapo mstari ulionyooka hupigwa umeme na mtu akaketi, hayana ukweli. Hapo tiba ni kukandamiza kifua, sindano ya adrenalini, na kuitafuta sababu: damu iliyomwagika, hewa iliyokosekana, sumu, au potasiamu iliyozidi mwilini. Mashine ni moja, na tiba zatofautiana kwa kadiri ya kilichosomwa.

Sasa tuje kwetu. Kwa kila dakika ipitayo bila kifua kukandamizwa wala umeme kutolewa, tumaini la kunusurika hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Ambulensi ya kuvuka Likoni, au ya kumfikia mgonjwa katika vichochoro vya Lamu ambamo gari haliingii, haiwezi kuwahi dakika hizo za mwanzo. Dakika hizo ni zetu sisi wa nyumbani.

Mtu akianguka, mwite na kumtikisa bega. Asipojibu wala kupumua, au akivuta pumzi moja moja kwa kukoroma, usidanganyike kuwa yu usingizini. Mmoja wenu apige simu 999 au 112. Mlazeni chali sakafuni, si kitandani. Weka kiganja katikati ya kifua na cha pili juu yake, nyoosha mikono, kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kiinuke kila mara. Mkichoka pokezaneni, wala msiache mpaka mhudumu afike. Ama aliye macho na kifua chambana, aketi atulie, asitembee wala asiendeshe gari, na mwite msaada mara moja. Atafune aspirini ya miligramu 300 iwapo haimdhuru, havuji damu, na hajakatazwa na daktari.

Huulizwa: je, mwanamume amguse kifua mwanamke asiye mahram yake? Dharura ina hukumu yake, na kuiokoa nafsi kunatangulia. Nguo ifunguliwe kwa kadiri ya haja, na waliosimama washike kanga iwe pazia. Mama wa watu asiachwe afe kwa sababu ya haya zetu. Wala kutibu hakupingani na kadari. Nasi tumeamrishwa kujitibu.

Kamati za misikiti na walimu wa madrasa, waalikeni wakufunzi wa huduma ya kwanza baada ya Alasiri moja tu, wanaume kwa wakati wao na wanawake kwa wao. Na mjue haki yenu: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Nanyi wazazi, andikeni namba ya ambulensi iliyo karibu nanyi ukutani, mahali ambapo hata mtoto aweza kuisoma.

Wabillahi tawfiq.