Bangili ya Hoteli na Kadi ya Kliniki

Mgeni aliyelipia kila kitu kabla ya safari anapowasili katika hoteli ya kitalii ya Nungwi au Kiwengwa, kisiwani Unguja, hufungwa bangili mkononi. Tangu hapo haulizwi bei. Milo mitatu, vitafunio vya alasiri na vinywaji, vikiwemo vileo, vyote vimo ndani ya malipo yale. Mwenye afya njema aghalabu hustahimili neema hiyo kwa siku chache. Mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu hujikuta mbele ya meza ambayo kliniki yake haikuwahi kuizungumzia.

Ni rahisi kumlaumu mgonjwa huyo kwamba hakujizuia. Hata hivyo, aliyekwisha kulipa huona hasara kuiacha sahani, na hiyo ni tabia ya binadamu wote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika hoteli hizi mgeni hukaa wiki nzima bila kuliona jembe: hula zaidi kuliko nyumbani na hutembea kidogo kuliko kawaida yake.

Wapo watoa huduma wanaoona kwamba dawa ni kumkataza safari. Rai hiyo haifai. Mgonjwa wa kisukari anahitaji mapumziko kama mtu mwingine yeyote, na anayekatazwa mara nyingi husafiri kimyakimya. Hapo ndipo hatari inapokua, kwa kuwa huondoka bila maelekezo.

Hatari kubwa zaidi haimo katika keki, bali katika kileo kinachonywewa na anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, hasa akiwa hajala. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari, na sukari ya damu yaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata usingizini. Mgonjwa hutetemeka, hutokwa jasho, huchanganyikiwa na maneno yake hukwama. Walio karibu hudhani amelewa, wakamwacha alale. Kosa hilo moja laweza kumgharimu uhai.

Hatari nyingine hazina kishindo. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi; ikiachwa ndani ya mkoba juani huharibika, na ikiganda haifai tena. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, wageni hupenda kutembea juu ya miamba. Mguu uliopoteza hisia hautambui mwiba wa kiumbe cha baharini wala mchanga uliochomwa na jua la mchana, na kidonda kidogo chaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Kwa mwenye shinikizo la damu, Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kiasi ambacho supu, nyama za kusindikwa na vitafunio hukivuka upesi.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtambo mpya. Linalohitajika ni swali moja kliniki: "Je, una safari yoyote kabla ya kurudi?" Jibu likiwa ndiyo, dakika chache zatosha kueleza dozi, vileo, uhifadhi wa insulini na viatu vya kuingilia baharini. Mgonjwa naye amweleze mwenzi wake wa safari dalili za kushuka kwa sukari, abebe kipimo chake, dawa za ziada na kitu cha sukari, na aulize mapema kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka Nungwi hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini ni zaidi ya kilomita 50, mwendo mrefu kwa mtu aliyepoteza fahamu.

Hoteli pia zina wajibu. Mhudumu anayefundishwa kuchanganya vinywaji anaweza kufundishwa kwamba si kila anayepepesuka amelewa.

Bangili hukatwa siku ya kuondoka, lakini kisukari humfuata mgonjwa hadi nyumbani. Kwa hiyo kadi ya kliniki isafiri naye, ikiwa imeandikwa maelekezo ya safari hiyo.