Isiolo Tumeanguka Mara Mbili kwa Utaratibu. Mara ya Tatu Tutamlaumu Nani?



Tuanze na swali. Ile kesi ya hijabu ya Kiwanjani, hapa Isiolo, iliishaje? Wengi mtajibu haraka: "Tulishindwa. Mahakama ilikataa hijabu." Jibu hilo si sahihi, na ndilo limetufanya tuandike haya.

Kumbukeni ilivyokwenda. Mwaka wa 2014 serikali ya kaunti iliomba wasichana Waislamu wa shule ya upili ya St. Paul Kiwanjani waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kanisa la Methodisti, mfadhili wa shule, likaenda kortini. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ikakubaliana na kanisa. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi, ikawapa wasichana haki yao. Kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu ya rufaa.

Kwa nini? Mzazi aliyesimama upande wa wasichana aliingia kama mhusika mwenye maslahi katika kesi ya watu wengine, halafu akaweka ombi lake humo humo. Majaji walio wengi wakasema huo si utaratibu. Suala la hijabu lenyewe hawakulikata. Walisema ni jambo zito la taifa zima, na lazima liwafikie kwa njia inayofaa ili kila upande upate nafasi ya kujibu.

Yaani hatukuambiwa "hapana". Tuliambiwa tumeingilia dirishani, turudi tuingie mlangoni. Sisi tukasikia "hapana", tukaenda zetu nyumbani.

Sasa njooni karibu. Tarehe 26 Juni 2025 bunge letu la kaunti lilisema limemng'oa gavana. Mashtaka yakapelekwa Seneti. Mwezi wa Julai nchi nzima ikakaa kutazama Isiolo. Je, maseneta walijadili pesa za kaunti? Walijadili ajira? Hapana. Mjadala ukawa mmoja: kile kikao cha tarehe 26 kilifanyika kweli, au hakikufanyika? Maseneta wakapiga kura juu ya hoja hiyo ya awali, na mambo yakaishia hapo. Hatusemi gavana ana hatia, wala hatusemi hana. Tunachosema ni kwamba mwananchi wa Merti na wa Garbatulla mpaka leo hajasikia mashtaka yakipimwa, wala majibu ya gavana yakipimwa.

Mara mbili jambo kubwa la Isiolo limefika juu kabisa, na mara mbili limerudi bila kusikizwa, kwa sababu ya utaratibu. Wa kwanza kumgusa mtoto wa shule, wa pili kumgusa kila mlipa ushuru. Halafu tunaambiwa elimu ya uraia ni anasa, wanafunzi wasome hesabu kwanza!

Wacha tuangalie wanachofundishwa. Kwa mfumo wa 8-4-4 unaoelekea mwisho, somo la Historia na Serikali unaweza kuliacha ukimaliza Kidato cha Pili. Muundo wa serikali ya Kenya unafundishwa Kidato cha Tatu. Ugatuzi, na mapato na matumizi ya pesa za umma, ni Kidato cha Nne. Kwa hivyo kijana aliyeliacha somo hilo ametoka shule ya upili bila kufundishwa kazi ya MCA wala pesa za kaunti zinatoka wapi. Amepata D ama A, hiyo haijalishi. Kwa kaunti yake hajui lolote.

Na mfumo mpya je? Gredi ya 10 imeanza Januari 2026. Historia na Uraia ni somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi za jamii. Aliyechagua STEM anaweza kumaliza bila kulisoma. Lililobaki kwa wote ni somo la huduma kwa jamii, na tunajua litakavyogeuzwa tusipoamka: wanafunzi wafagie soko, wapigwe picha, picha ziende Facebook, mwalimu aweke alama. Kufagia ni kuzuri. Lakini mwanafunzi aliyefagia soko bila kujua ni ofisi gani ilipewa pesa ya kuzoa taka hizo amefanya kazi ya mtu mwingine bure, na hajajifunza uraia.

Kuna watu hawataki tuseme haya. Tuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: "Wakijua haki zao watagoma." Ndugu, wanagoma sasa hivi bila kuzijua! Mabweni yamechomwa nchi hii miaka nenda miaka rudi. Mwanafunzi anayejua kuandika ombi, kubaki na nakala na kudai jibu kwa tarehe ana njia nyingine mbali na kiberiti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ya kukaa kwenye bodi ya shule. Muulize mdogo wako: mwakilishi wenu ni nani? Alichaguliwa ama aliteuliwa na mwalimu? Bodi ilipokaa mara ya mwisho, aliitwa?

Wa pili anasema: "Siasa ni ya wazee, na vijana hawaelewi." Juni 2024 vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakauelezana kwa lugha za nyumbani, na tarehe 26 Rais akasema hautii sahihi. Walielewa sana. Kinachouma ni kwamba damu ilimwagika kwanza. Wazee wetu tunawaheshimu, na kikao chao kimezima moto mwingi kati ya jamii za Isiolo. Lakini kumheshimu mzee si kumwachia asome bajeti peke yake.

Wa tatu ni mwanasiasa. Huyu hapingi kwa mdomo. Kila mwaka wa uchaguzi anafadhili "elimu ya uraia" yenye fulana, kofia na soda, inayofundisha jambo moja tu: mahali pa kuweka alama kwenye karatasi ya kura. Uchaguzi ukipita, mwalimu amepotea. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima, ya 10, kuhusu elimu ya uraia, na haikusema ifanywe Agosti ya mwaka wa tano.

Wa nne ni sisi wenyewe. Eneo hili liliwahi kuwa NFD, wilaya zilizofungwa, watu wakitembea kwa vibali. Tumerithi kuiona serikali kama gari linalokuja na kuondoka. Likija tunanyamaza, likiondoka tunalalamika. Tabia hiyo haitakufa kwa kaulimbiu. Itakufa kwa mazoezi, na mazoezi yaanze ukiwa na miaka 15.

Mazoezi gani? Haya hapa, na hakuna hata moja linalohitaji kura ama kitambulisho.

Moja, ombi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Sheria ya kaunti ya 2012 inasema mtu ana haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lolote lililo chini yake. Imeandikwa "mtu", haijaandikwa "mpiga kura". Darasa la Kinna linaweza kuandika kuhusu maji ya shule, kwa Kiswahili, na kulipeleka kwa karani wa bunge.

Mbili, habari. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inaruhusu uandike kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Anzeni na basari: wadi yetu ilitengewa ngapi, na walichaguliwa kwa vigezo gani? Ulizeni kwa barua yenye tarehe, sio kwa manung'uniko nje ya ofisi ya chifu.

Tatu, kalenda. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi ni kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni 30 Aprili. Mwaka wa pesa hufungwa 30 Juni. Ukienda kulilia darasa mwezi wa Julai, umechelewa mwaka mzima. Tarehe hizi nne zibandikwe ukutani katika kila shule, kando ya ratiba ya mitihani.

Nne, kikao. Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti lifanye kazi wazi, vikao vikiwa wazi kwa umma. Basi wanafunzi wapelekwe wakae pale juu, na daftari. Waandike nani alifika, hoja ilikuwa gani, kura zilikwendaje. Bunge ambalo lina wanafunzi 40 wenye kalamu kila wiki, ni nani atakuja kubishana kama kikao kilifanyika?

Kwa hivyo tunadai mambo matatu. Serikali ya kaunti itekeleze Sehemu ya 10 shuleni, katika wadi zote 10, kuanzia Wabera mpaka Sericho na Oldonyiro, na itenge pesa yake kwenye bajeti. Wakuu wa shule walifanye somo la huduma kwa jamii liwe na ombi moja la kweli kila mwaka, lenye jibu la kweli. Mabaraza ya wanafunzi yachaguliwe kwa kura na yaitwe kwenye bodi.

Na wewe unayesoma hii kwenye simu, usituachie sisi. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Aliye Kidato cha Nne leo atapiga kura ile. Una mdogo wako, binamu yako, jirani yako. Jumamosi hii kaa naye nusu saa, muandike barua moja ya kuomba habari kuhusu shule yake. Mpige picha nakala yenye muhuri wa kupokelewa, mhesabu siku 21. Wasipojibu, hamjashindwa. Sheria hiyo hiyo inawaruhusu kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Huo nao ni mlango, na safari hii tuingie kwa mlango.