Sehemu ya 3: Nesi Eva Justin na watoto 39

Mama zangu, na nyie baba vijana mnaonifuatilia, tangu nianze kuandika kuhusu Waroma swali ni lile lile: "Nesi, turudishe kwenye chanjo na uji wa lishe, haya ya Wazungu yanatuhusu nini?" Leo najibu, tena kwa ukali kidogo.

Kwa waliochelewa: Waroma siyo Warumi wa kwenye Biblia. Ni watu wenye asili ya India walioishi Ulaya mamia ya miaka. Wa Ujerumani wengi hujiita Wasinti. Wanazi waliwaua wengi sana, makadirio ni kati ya 200,000 na 500,000. Auschwitz-Birkenau peke yake walipelekwa kama 23,000, na zaidi ya watoto 370 walizaliwa humo humo kambini. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 waliokuwa wamebaki, zaidi ya 4,000, wengi wao kina mama, watoto na wazee, waliuawa kwa gesi.

Mnadhani kazi hii ilianza na askari? Askari walikuja mwisho. Waliotangulia ni watu wa afya, wenzangu mimi. Daktari Robert Ritter na timu yake walizunguka wakipima vichwa, wakitoa damu, wakiuliza bibi yako nani, babu yako nani, na yote wakayaandika. Msaidizi wake mkuu, Eva Justin, alisomea uuguzi. Ndiyo, nesi. Alijua kuongea lugha yao, na familia zikampokea kama mnavyonipokea mimi nikija na mizani.

Justin alikuwa anatafuta shahada ya udaktari wa falsafa. Akawatumia watoto wa Kisinti waliotenganishwa na wazazi wao na kuwekwa kwenye kituo cha watoto cha Kikatoliki huko Mulfingen. Akawachunguza, akawachezesha, akaandika. Hitimisho lake: watu hawa wafungwe kizazi. Shahada akapata. Mei 1944 watoto 39 wakatolewa kituoni wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi ni wanne.

Haya, mnajua alifungwa miaka mingapi? Hata siku moja. Baada ya vita Ritter aliajiriwa na idara ya afya ya jiji la Frankfurt, na Justin akamfuata, akafanya kazi ya saikolojia. Uchunguzi dhidi yake ulifunguliwa ukafungwa 1960, akafa 1966 akiwa huru.

Na wale waliotoka kambini hai? Walipodai fidia, mahakama ya juu ya Ujerumani Magharibi iliwaambia mwaka 1956 kwamba kabla ya Machi 1943 hawakuteswa kwa ajili ya asili yao, bali kwa tabia zao za uhalifu. Yaani mama aliyezika watoto anaambiwa mwenye kosa ni yeye! Mahakama ilianza kurudi nyuma 1963. Serikali ilikuja kutamka kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 1982, baada ya Wasinti wenyewe kugoma kula pale Dachau 1980. Hesabu: miaka 37. Wangapi walikuwa wameshakufa?

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema kumbukumbu ni maua na hotuba tu. Lety, nchini Czech, palipokuwa kambi ya Waroma, palijengwa shamba la nguruwe. Nguruwe, jamani, juu ya mahali watoto walikofia. Serikali ilikuja kulinunua 2017, na eneo la kumbukumbu likafunguliwa 2024.

Nchi isiyokiri ilichofanya huendelea kukifanya, na mara nyingi hukifanyia leba. Mwaka 2000, Slovakia, mama mmoja wa Kiroma akiwa kwenye uchungu alipewa karatasi asaini. Hakuelewa neno lililoandikwa. Akafanyiwa upasuaji, akafungwa kizazi, na kwenye faili lake paliandikwa kwamba ni Mroma. Kuna sababu gani ya kitabibu ya kuandika hivyo? Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa haki 2011. Wenzake wa Czech walisubiri sheria ya fidia hadi 2021.

Bado mnauliza yanatuhusu nini? Mwaka 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya mwanamke mwenye VVU aliyefungwa kizazi bila ridhaa ya kweli.

Sehemu ya 4 nitaichambua fomu ya ridhaa mstari kwa mstari. Mwenye nakala ya aliyosainishwa leba anitumie, afiche jina lake na la hospitali. Na ukimuona mtu kwenye komenti anaandika "walikuwa wezi tu", usibishane naye, niachie mimi.