Diani Ijifunze Kazi kwa Watu wa Gazi

Na Mwanakombo Rashid

Mgeni anayetaka kuona pomboo kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite hulipia safari moja, lakini safari hiyo hupita mikono minne au mitano. Ajenti wa Diani hupokea pesa, dereva humfuata mgeni hotelini asubuhi na mapema, nahodha humngoja Shimoni, na kisiwani Wasini mpishi huwa keshakuna nazi. Kila mmoja anaijua kazi yake. Tatizo ni kwamba hakuna mahali pamoja palipoandikwa wanachopaswa kukijua wote. Ajenti ameambiwa mgeni hali kaa. Amempigia dereva, dereva amesahau. Saa saba mchana sinia la kaa linatua mbele ya mtu ambaye kaa humvimbisha uso, na lawama anatupiwa mpishi, mtu pekee ambaye hakuambiwa chochote.

Pwani ya kusini inaishi kwa kazi za namna hii: safari za bahari, usafi wa nyumba za wageni, mahema na vyakula vya harusi, ulinzi. Ushindani nao umeongezeka. Kampuni ya madini ya Base Titanium, mteja mkubwa wa huduma Kwale, ilisimamisha uchimbaji Desemba 2024. Barabara ya Dongo Kundu sasa inawafikisha wafanyabiashara wa Mombasa Diani bila kungoja feri Likoni.

Wa kuigwa hawako mbali. Ukishaipita Ukunda kuelekea Msambweni, kuna Gazi. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja, wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Mnunuzi aliye Ulaya haoni anachonunua, wala hakishiki. Analipia kumbukumbu za kazi. Kwa hiyo maji yakipwa watu huingia topeni, kwenye viwanja vilivyowekewa alama. Mmoja huzungusha utepe kwenye shina na kusoma kipimo kwa sauti, mwenzake anaandika. Kipimo kisipoandikwa, hakuna cha kuuza.

Kila mtu pale ana sehemu yake. Kamati ya wanakijiji huamua, mratibu husimamia shughuli za kila siku, na watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, ambao wana kituo papo hapo Gazi, hutoa utaalamu. Mauzo yako mikononi mwa ACES, shirika la hisani la Scotland, na taarifa ya kila mwaka hupelekwa Plan Vivo, wanaothibitisha hati hizo. Hata haki ya kuutunza msitu imo kwenye mkataba na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Kwa kuwa watu bado wanahitaji nguzo na kuni, mradi ulipanda mivinje ili mikoko isiguswe.

Linalostahili kuigwa kuliko yote ni habari ya pesa. Katika miaka ya mwanzo mauzo yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka, fedha ambazo ajenti wengi wa Diani wangeziona ndogo. Lakini wanakijiji walijua zimeingia ngapi, wakajadiliana barazani ziende wapi: maji ya bomba, vitabu vya shule. Kwenye biashara ya mashua ni kinyume. Baharia hajui mgeni alilipa kiasi gani, hajui asilimia ya ajenti, na fungu lake huja kwa M-Pesa siku asiyoijua. Hapo ndipo timu huvunjika, na mgeni huja kuhudumiwa na watu walionuniana.

Ni kweli Gazi walisaidiwa na wanasayansi. Lakini Diani inaweza kuanza na karatasi moja kwa kila safari, na hiyo haihitaji mwanasayansi: majina ya wageni, wasichokula, saa ya maji kujaa na kupwa, nani anafanya nini, fungu la kila mmoja na siku ya kulipwa. Ipigwe picha, itumwe kwenye kundi la WhatsApp la safari hiyo usiku wa kuamkia safari, na kila mmoja ajibu kwamba ameisoma. Wakirudi, yaliyoharibika yaandikwe nyuma yake.

Kazi iliyoandikwa hata jirani anaweza kuichukua. Mikoko Pamoja ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa 2017, kisha Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha mradi wao kwa utaratibu uleule kwenye mikoko iliyo mpakani na Tanzania. Kama siri yote ingekuwa kichwani mwa mratibu mmoja wa Gazi, Vanga wangekuwa na cha kuiga?

Masika ndiyo wakati wa kulitengeneza jambo hili, hoteli zikiwa na nafasi na mashua zikiwa zimepandishwa pwani kukarabatiwa. Idara ya utalii ya Kaunti ya Kwale iwakutanishe ajenti, manahodha, madereva na akina mama wapishi wa Wasini, na kamati ya Gazi ialikwe kueleza inavyotunza daftari zake. Hoteli nazo ziseme wazi kwamba kuanzia msimu wa Julai, ajenti anayetaka wageni wao atakuja na karatasi za safari zake, mafungu ya malipo yakiwemo.