Vital'O, Mgeni Nyumbani Kwake

Mwezi huu ukurasa wetu unaingia uwanjani. Kina mama, msiufunge kwanza. Habari hii imeshafika mpaka jikoni, maana ziko nyumba hapa kambini ambako baba na mtoto hawali sahani moja kwa ajili ya Vital'O na Yanga.

Mambo yenyewe ni ya Agosti 2024, lakini ugomvi wake haujazeeka. Vital'O ya Bujumbura, mabingwa wa Burundi wa msimu wa 2023/24, walipangiwa Yanga kwenye hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza, tarehe 17, nne bila. Marudiano, tarehe 24, sita bila. Jumla kumi! Dube kafunga, Chama kafunga, Mzize kafunga, Aziz Ki kafunga, na Vital'O hawakurudisha hata moja la kufutia machozi. Timu imehangaika msimu mzima wa ligi ili ipate nafasi ya kucheza Afrika, halafu Afrika yenyewe ikaisha kwa wiki moja tu.

Vijana wetu wengi wamezaliwa huku au wamekuja migongoni mwa mama zao. Redio wanayoisikia ni ya Dar es Salaam, na majina ya Yanga na Simba wameyajua kabla ya kujua kuhesabu. Basi walivyotoka kibanda umiza siku ile ya pili, walitembea njia nzima vidole kumi juu. Wazee wa Buyenzi na Bwiza walikuwa wamekaa nje ya nyumba zao, kimya kama watu wa msibani. Kuna baba mmoja alifika nyumbani akaivua jezi ya Yanga mgongoni mwa mwanawe, akaifungia kwenye sanduku la chuma. Ati itatoka siku mtoto atakapojua kwao ni wapi. Mama wa mtoto alituhadithia bombani, na watu walicheka sana.

Mimi sikucheka sana. Mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye Bujumbura hajaiona hata kwa picha, ukimwambia "hujui kwako ni wapi" umemtwisha mzigo ambao hata sisi wakubwa tunaushusha kila tukifika kona. Na siku hizi ambapo maneno ya kurudi yako katika kila nyumba ya Warundi, neno hilo linazidi uzito.

Lakini hebu tumsikilize na mzee pia, maana kilichomuuma hakikuwa mabao peke yake.

Wengi hamkuliangalia jambo hili: mechi ya kwanza, kwa karatasi, mwenyeji alikuwa Vital'O. Ilitakiwa ichezwe Bujumbura. Haikuchezwa Bujumbura. Uwanja wa pale mjini, ule uliojulikana miaka mingi kwa jina la Prince Louis Rwagasore na sasa unaitwa Intwari, haukuwa umetimiza masharti ya CAF. Hata timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, miaka hiyo ilikuwa ikipokea wageni wake kwenye nchi za watu. Basi Vital'O nao wakafunga mizigo, wakaenda kuwa wenyeji Dar es Salaam, mjini kwa Yanga wenyewe, mbele ya watu wa njano na kijani. Wiki iliyofuata wakacheza ugenini, mji uleule.

Mwenyeji gani huyo anayemkaribisha mgeni kwenye nyumba ya mgeni? Sisi wa kambini hatuhitaji kufafanuliwa. Kucheza nyumbani ni kulala kitanda chako na kula chakula unachokijua, na ukisikia kelele nyuma yako ni za shangazi na majirani. Vital'O hawakupata hata kimoja. Wangefungwa hata Bujumbura? Kwa maoni yangu, ndiyo, wangefungwa. Ila sidhani zingefika kumi.

Tusiwapunje Yanga haki yao. Mwaka 2023 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho na wakalikosa kwa bao la ugenini tu mbele ya USM Alger. Mwaka 2024 walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mamelodi Sundowns wakawatoa kwa penalti. Timu ya namna hiyo inanunua mchezaji popote inapomtaka. Vital'O mchezaji wao akichanua tu, anachumwa.

Na anachumwa na nani? Hapo ndipo vijana wa vidole kumi nawataka wakae chini wasikilize. Amissi Tambwe alitoka Vital'O mwaka 2013 akaenda Simba, na msimu wake wa kwanza, 2013/14, akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 19. Akahamia Yanga, na msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena, mabao 21. Saido Ntibazonkiza, aliyepita Vital'O akiwa kijana kabla ya kwenda Ulaya, alichezea Yanga, kisha Simba. Msimu wa 2022/23 alimaliza na mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele wa Yanga. Mrundi na Mkongomani juu ya orodha ya wafungaji wa Tanzania! Sijui kwa nini siku ile hakuna aliyetoka na vidole kumi na saba. Jezi iliyofungiwa sandukuni, jasho la Bujumbura limo ndani yake.

Sasa turudi kwa mzee. Ukikaa naye vizuri, usimtaje Yanga. Mtaje Africa Sports. Utaona uso unabadilika.

Mwaka 1992 Vital'O walifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika. Timu ya mji mdogo, pembeni ya ziwa, ikabaki na Africa Sports ya Ivory Coast peke yake, bara zima limekaa linatazama. Mechi ya kwanza Bujumbura, moja moja. Ya pili Abidjan, wakafungwa nne bila, kombe likabaki huko.

Nne bila! Hesabu ileile ya mechi ya kwanza na Yanga. Lakini sijamsikia mzee hata mmoja akiihadithia Abidjan kwa aibu. Wanaihadithia kama harusi. Nilimwuliza mmoja, mtu wa Buyenzi, mbona ile nne haikuumi na hii inakuuma? Akanitazama kama mtu aliyeuliza swali la mtoto. "Weye, ile tulifungwa siye. Tulikuwa na mji, tulikuwa na uwanja, tulimpokea mtu akaja kwetu tukatoka naye sare. Hii ya juzi nani kafungwa? Mie sikuona mji wangu pale."

Kisha akanyamaza, na najua alichokuwa anakihesabu. Fainali ile ilikuwa mwaka 1992. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikaanza, na mitaa ya Bujumbura ikagawanyika, huyu kule, yule huku. Kwa watu wa umri wake, Vital'O ya fainali ni picha ya mwisho kabla nyumba haijaungua. Mtoto anapoinua vidole kumi anadhani anamtania baba kwa mpira. Baba anaona mtu anaichezea ile picha.

Mtoto atajuaje, kama hajahadithiwa? Ninyi kina baba mnaijua fainali ile dakika kwa dakika, mnahadithiana wenyewe kwa wenyewe chini ya mti, mtoto akisogea mnamtuma maji. Halafu mnashangaa anamshangilia Aziz Ki. Amshangilie nani, wakati wa kwenu mmemficha?

Mwambieni na habari ya 2013, ambayo haina hata machozi. Mwaka ule Kombe la Kagame lilichezwa Sudan, sehemu yake Darfur. Timu za Tanzania, Yanga na Simba wakiwemo, hazikwenda kwa sababu ya usalama, na siwalaumu, Darfur haikuwa mahali pa matembezi. Vital'O walikwenda. Fainali ilipigwa El Fasher, mji uliokuwa na makambi makubwa ya watu waliokimbia vita vya huko, na Vital'O wakaifunga APR ya Rwanda mbili bila, wakarudi Bujumbura na kombe. Sasa hiyo ni hadithi ya kumpa mtoto wa kambini kabla ya kulala. Ni fupi na ya kweli, na mwisho wake ni kombe.

Kwa yule baba wa sanduku, najua utausoma ukurasa huu, au mama watoto atakusomea kwa sauti: fungua sanduku. Jezi ya mtoto si hati ya uraia. Utakapomchukua kumwonyesha Buyenzi, akiingia na njano na kijani mgongoni, watamtania siku mbili, siku ya tatu watamwuliza anacheza namba ngapi. Ndivyo Buyenzi ilivyo, wewe unaijua kuliko mimi.

Na wewe kijana, utani wa mpira ruksa, nyumba bila utani ni kaburi. Ila mtanie baba baada ya chakula, kabla ya hapo mwache ale. Na mwulize fainali ilikuwaje. Mwulize hasa mechi ya Bujumbura, sare ile, nani alikuwa golini, watu walikaa wapi, alilipa kiingilio au alipanda ukuta. Wengi walipanda ukuta, wasikudanganye.

Jambo moja dogo la pesa. Nasikia Agosti ile kuna waliowekeana mafuta ya kupikia ya mgao wa mwezi juu ya mechi, na wako watoto waliokula maharage makavu wiki tatu kwa sababu baba aliiamini Vital'O. Mapenzi ya timu nayaheshimu, lakini mafuta ni ya watoto. Kina mama, siku ya mechi galoni likae kwa jirani.

Mwezi ujao tunataka kuchapa kumbukumbu za fainali ya 1992. Aliyekuwa uwanjani, au aliyeisikiliza redioni, au hata aliyezuiwa na mama yake asiende, aje atuhadithie, au amtume mtoto aliyemwandikia. Kurasa mbili za daftari zinatosha. Wakongomani nao wasikae nyuma, tunajua wengi mliishi Bujumbura miaka ile na mnao ushahidi wenu. Mwenye picha, hata iliyoliwa na mchwa, ailete. Tutaitazama na kumrudishia siku hiyohiyo, mkononi mwake.